Landrova tuliyoiinua kwa sababu ya matope ya kwa mama

Wakuu, habari za jioni.

Naona vijana mnabishana humu lift kit ya inchi ngapi ndiyo inapendeza. Mimi niliwahi kuinua gari moja ya familia, na haikuwa ya kupendeza. Nawapa ilivyokuwa, chumvi sitaongeza.

Ni miaka ya sabini. Nilikuwa fundi Kabiro, pale Kawangware, gereji ya wazi. Mvua ikinyesha, tunaingia chini ya gari ya customer.

Dada yangu Nafula alikuwa ameolewa na Barasa, wanaishi Mashimoni, Kibera. Barasa alikuwa na landrova kuukuu ya kubebea makaa. Kelele zake ni kama posho mill ya kusaga mahindi, lakini inatembea.

Nafula akaugua. Tumbo. Hospitali wakamrudisha nyumbani wakasema apumzike, na sisi watu wazima tukaelewa.

Akaomba kitu kimoja tu: apelekwe kwetu Western akamwone mama.

Shida ni njia. Kwa kina Barasa, hukohuko Western, ni kando ya lami, lakini kwa mama unaiacha lami unashuka kwenye bonde la matope. Krismasi ya nyuma landrova ilikwama pale, tumbo juu ya tuta, magurudumu yanazunguka bure, mpaka ikavutwa na ng'ombe. Na sasa ilikuwa mvua ya Aprili.

Barasa akaniambia, "Shemeji, inua hii kitu. Huyu lazima afike."

Wakati huo hakuna cha kit. Tulitoa leaf za springi, vile vyuma bapa, kwenye lori lililokufa, tukaongeza kila upande, tukachonga shackle ndefu za kushikia springi, tukatafuta shokapu za kutosha urefu huo.

Kando kidogo: ukiinua gari, angalia brake hose, ule mpira wa breki. Yetu ilivutika kama kamba ya nguo, ikabidi tutafute nyingine.

Barasa akaipeleka Mashimoni. Nafula akatoka ameshikilia ukuta, akaiona, akacheka mpaka akakaa chini.

"Sasa hii ni gari ama ni ngamia? Mtanipandisha na nini?"

Barasa akamtengenezea kistuli cha mbao cha kukanyagia. Nafula akakijaribu palepale, akasema kinatosha. Safari ikapangwa Jumapili, na nguo zake akafunga mwenyewe.

Jumamosi asubuhi akatuacha.

Wakuu, kwetu mwanamke aliyeolewa huzikwa kwa mumewe. Hilo halina mjadala. Basi ile landrova ikambeba Nafula kwenye lami mpaka kwa kina Barasa. Jeneza halikuhitaji kistuli.

Mama alikuja mazishini kwa miguu. Alivuka lile bonde peke yake, viatu mkononi. Nilipoona matope yamemfika magotini niliumia kuliko nilivyoumia kaburini.

Baada ya mazishi tukamrudisha kwake kwa gari. Alikanyaga kile kistuli, akapanda, akakaa mbele.

Tulipofika bondeni Barasa akaingiza four-wheel. Gari ikapita. Haikugusa chini hata mara moja.

Tulipotokea ng'ambo mama akageuka, akaangalia tulikotoka.

"Kumbe ingefika," akasema.

Barasa akasimamisha gari akalia juu ya usukani. Mimi pia nililia.

Miaka mingi nilidhani kilichotushinda ni muda, kwamba tungeanza mapema kidogo. Siku hizi naona tofauti. Mama alikuwa na miguu, na bonde alilivuka bila springi yoyote. Tungetuma mtu tu akamwite, angepanda basi pale lamini, aje Mashimoni akae na binti yake. Lakini tulikuwa wanaume wawili wenye spana, tukafikiria gari. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mgonjwa wako akitaka kumwona mtu, anza kwa kumwita huyo mtu.

Mwenye neno aseme, nasoma yote. Hata wa kuuliza mambo ya springi aulize tu, bado nayajua.