Jina la Kuazima

Juzi nilimkuta binti yangu akiandika jina lake kwenye vitabu vipya vya shule, na ghafla nikasikia harufu ya omena, wale dagaa wa kwetu Sindo, kando ya ziwa.

Mchana ule, nikiwa bado mtoto mdogo, mama alikuwa akianika omena juu ya nyavu. Watu wa kwao, Wakuria, walikuwa wakipigana na Wajaluo, watu wa baba, kule mpakani. Mimi sikujua vita. Nilijua omena na nzi wake. Mama akamwita dada yangu, aliyekuwa kidato cha pili na aliyerithi jina la nyanya mzaa mama.

"Boke, mtu akikuuliza, wewe ni Akinyi, jina la kwa baba yako. Umeskia?"

Nilidhani amepewa zawadi. Nikalia nami nipewe jina jipya. Dada akanifuta kamasi.

"Basi chukua Boke. Nimekuazima tu, ulitunze."

Nikakimbia hadi barabarani nikiliimba. Vijana wa Kijaluo waliobeba marungu wakasimama.

"Boke ni nani hapa?"

Nikainua mkono kwa fahari.

Dada alikuja mbio, miguu mitupu, akanisukuma nyuma ya sketi yake iliyonukia sabuni ya kufulia.

"Huyo anacheza tu," akasema. "Boke ni mimi."

Nilikasirika kwamba amelichukua upesi hivyo. Nikamvuta sketi anirudishie. Kijana mmoja aliyesoma naye akainamisha macho, akawavuta wenzake, na wote wakaenda zao.

Binti yangu alipozaliwa, nilimpigia dada simu nikamwomba aniazime tena lile jina.

"Chukua," akasema. "Safari hii usirudishe."