Yoga ya Mama Nyuma ya Duka

Nakumbuka Jumamosi moja mjini Nyeri, mjukuu wangu, miaka michache baada ya uhuru, nilipomwaibisha mama yangu mbele ya watu. Hata sasa nikiikumbuka uso unanichoma.

Mama alibeba kuni na maji tangu utoto, kamba ikipita kwenye paji la uso hata ikamwachia bonde hapo. Alipozeeka, mgongo ulikataa kunyooka. Alitembea akitazama vidole vyake vya miguu. Usingizi ukapotea, akaanza kusema ati amechoka kuishi, na hilo lilinitisha kuliko mgongo wenyewe.

Mama Jaya, Mhindi wa rika lake aliyeuza vitambaa, alimwona akishindwa kuinuka kwenye benchi ya dukani. Akamwalika uani, akawa anamfundisha yoga kila siku ya soko. Mimi sikuambiwa. Jumamosi hiyo nilimfuata, nikamkuta amepiga magoti mkekani, viganja chini, macho amefumba, akivuta pumzi polepole. Nilikuwa mwalimu wa watoto kanisani, na ujuaji ulinijaa tele.

"Mama, unaabudu miungu ya watu?" nilipaza sauti, wateja wakachungulia. Nikamvuta mkono tukaenda nyumbani.

Hakurudi tena. Baada ya wiki tatu hakuweza kutoka kitandani bila mimi. Asubuhi moja nikimwinua, alisema kwa upole, "Nyambura, nimeinama miaka yote nikipanda viazi ndio ukule. Hukusema naabudu udongo. Sasa nikinyooka kidogo, ndiyo dhambi?"

Nilishuka mjini siku hiyo hiyo, nikamwomba Mama Jaya msamaha.

"Mlete tu," alisema. "Na wewe ukuje. Hiyo mabega yako imeanza kukunjika."

Miezi ikapita. Usingizi ulirudi kwanza, halafu mazungumzo. Kisha asubuhi moja mama aliniita mlangoni. "Leo nimeona mlima wote, hadi kwa theluji, na sijashika ukuta." Nililia, mjukuu wangu, nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu ile Jumamosi.

Basi mimi nyanya yako nikitandika mkeka, usinicheke, wala usinihubirie. Niulize naumwa wapi, halafu ukae kando yangu upumue nami. Mimi nimefika umri aliokuwa nao mama, na kila asubuhi najinyoosha. Mungu akujalie uzee wa kuinua kichwa, na usimame mwenyewe kuuona mlima.