Maji ya Msafiri

Nilipokuwa mtoto nilikunywa maji ambayo hayakuwa yangu, nikavunja glasi, nikanyamaza. Nimeungama mengi maishani, hata ya aibu kuliko hilo, lakini hili nililiruka kila mara mpaka mwaka jana.

Tulikaa Igogo: baba, mama, bibi mzaa baba, baba mdogo Deusi na mimi. Ilikuwa miaka ya ujamaa, na baba alikuwa karani wa ushirika, akipeleka bidhaa kwenye maduka ya vijiji. Kabatini tulikuwa na glasi sita zenye maua mekundu na mstari wa dhahabu mdomoni. Hazikuwa kitu cha ajabu. Zilitoka kiwandani kwa makasha, na nyumba tatu za mtaa wetu zilikuwa na hizohizo. Lakini kwetu zilikuwa za wageni na wasafiri. Mimi nilinywea kikombe cha bati.

Bibi alikuwa na desturi aliyotoka nayo kwao Bukoba, au labda aliitunga mwenyewe, sijui. Anayesafiri alikunywa nusu glasi ya maji. Nusu nyingine ilifunikwa kwa kisahani ikakaa kabatini mpaka arudi aimalizie. "Ukiyagusa umegusa njia ya mtu," alisema, halafu anafanya ishara ya msalaba, maana alikuwa Mkatoliki kwelikweli, rozari haimtoki shingoni.

Asubuhi ile baba alikunywa nusu yake, akatoka barazani kusubiri lori. Mimi nilitaka tu kujua maji yana ladha gani ukiyanywa kwenye ule mstari wa dhahabu. Nikapiga mafunda mawili. Yalikuwa maji tu. Nikasikia kandambili za bibi, nikairudisha glasi haraka, ikagonga ukingo wa kabati. Ufa ukashuka toka mdomoni hadi chini. Nikaifunika na kisahani chake.

Bibi alikuta kitambaa cha kabati kimelowa.

"Nani ameshika hii?"

"Sijui, bibi."

Hakuuliza mara ya pili. Aliniamini, na hilo linaniuma mpaka leo. Akatoka nje ameishika ile glasi kwa mikono miwili kama amebeba kifaranga.

"Huendi," akamwambia baba.

"Mama, hiyo ni glasi. Imepasuka."

"Imepasuka yenyewe, ndani ya kabati, na wewe hujatoka hata barazani. Huendi."

Baba mdogo Deusi alikuwa anapiga mswaki, akacheka mpaka povu likamtoka. "Kaka, na shemeji akivunja sahani utaacha kula? Haya, nipe hizo karatasi za mzigo, nitakwenda mimi."

"Basi unywe maji kwanza," bibi akasema.

"Nitakunywa chai Misungwi, mama."

Lori likaja. Nilikuwa nimesimama mlangoni, naona kila kitu. Ningesema neno moja, baba angepanda yeye, nami ningechapwa. Niliogopa fimbo. Deusi akanipungia mkono akiwa juu ya magunia ya chumvi, maana alipenda upepo.

Lilipinduka kwenye matope mbele ya Buhongwa kabla ya saa sita. Dereva na utingo wake, waliokaa mbele, walitoka wazima. Deusi alikatwa mguu wa kulia.

Mtaa mzima ulikuja kumtazama bibi. Jirani mmoja aliyekuwa na glasi kama zetu alizitoa zote kabatini akazificha uvunguni. Walisema bibi amemwokoa mwanawe, na baba mwenyewe hakubisha tena.

Lakini karani hukaa mbele. Baba alikaa mbele siku zote. Basi huenda angerudi jioni akamalizia maji yake. Kisha nakumbuka kwamba maji hayo nilikwisha kuyagusa, na kama bibi alisema kweli, basi njia niliiharibu mimi kabla ya glasi kupasuka. Na kama bibi alikosea, basi mguu wa Deusi umekwenda na ile "sijui" yangu. Hapo ndipo ninapopotea. Nimesali sana, na kila nikimaliza rozari narudi palepale.

Padre niliyemwambia alinisikiliza, akasema, "Mama, Mungu haandiki kwenye glasi. Wewe ulinyamaza. Nenda ukamwambie baba yako mdogo."

Baba mdogo yupo Mkolani, mzee sasa, anatembelea magongo. Glasi tano alizirithi yeye, na nafasi ya ile ya sita ameiacha wazi kabatini. Mgeni akiuliza, hujipigapiga paja lile lililobaki fupi: "Ile ilimwonya kaka. Mimi nikaenda badala yake." Husema bila uchungu, kama mtu aliyepewa kazi akaifanya vizuri. Je, nikimwambia kweli, nitakuwa nimetubu, au nitakuwa nimemnyang'anya na hicho alichobaki nacho? Mara mbili nimefika kwake. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, chai, habari za watoto, nikarudi nyumbani.

Pasaka nitakwenda tena, na sitaki kwenda mikono mitupu. Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma: fungua kabati la nyumbani kwenu, au la mama yako. Ukikuta glasi ya maua mekundu, yenye mstari wa dhahabu mdomoni, hata kama umefutikafutika, nigawie moja. Iwe haina ufa.