Isale kwa Daktari wa Meno

Baba mkwe wangu, Mzee Ndelilio, ana alama ya mviringo katikati ya midomo, kama mtu aliyebusu kifuniko cha chupa kikamwachia chapa. Ni ya tarumbeta. Alianza kupiga akiwa na miaka kumi na miwili, hapa hapa Old Moshi, na sasa ana sitini na mitatu. Jioni sauti ikipanda kutoka migombani, majirani wanasema Ndelilio ameshamaliza kukata majani ya ng'ombe.

Jino lenyewe ni la mbele, juu, upande wa kushoto. Mwaka juzi alikuwa anategemeza mgomba wenye mkungu mzito, mti wa kuegemezea ukateleza ukampiga mdomoni. Jino halikutoka. Lilibadilika rangi tu, likawa la kijivu, na juu yake kwenye fizi kikaota kijipu. Alikuwa anakikamua kwa kidole, anasukutua kwa maji ya chumvi, anakwenda kwenye mazoezi ya matarumbeta. Mimi ndiye ninayefua nguo zake, kwa hiyo niliona usaha kwenye leso kabla hajamwambia mtu.

Nilimwambia mume wangu, Praygod, naye akampeleka mjini kwa daktari wa meno anayeitwa Khalid, kijana mpole. Daktari alitoboa jino kwa nyuma, akasafisha mzizi kwa ndani, akauziba. Miezi mitano ikapita shwari. Kisha kijipu kikarudi.

Safari hiyo Baba alishuka peke yake. Alichokisema huko tulikipata kutoka kwake kidogo kidogo, maana aliona haya. Mbele ya wagonjwa wote alimwambia daktari kwamba fundi baiskeli anaziba pancha vizuri kumshinda yeye. Daktari alianza kumweleza kuwa kuna upasuaji unaoweza kuliokoa jino, Baba akaondoka neno halijaisha. Akaenda kwingine. Huko wakasema ling'olewe, awekewe la bandia.

Hilo lilimtisha, kwa sababu ya Mzee Eliona. Hao wawili walisimama bega kwa bega kwenye kikundi cha matarumbeta cha usharika tangu ujana wao. Eliona aling'olewa jino la mbele, akawekewa la bandia, na kila akibana midomo kupiga, lile jino linarudi nyuma. Tarumbeta ikawa inatoa upepo tu. Siku hizi anapiga ngoma kubwa. Alipopata habari alikuja kumwona Baba.

"Karibu kwenye ngoma, Ndelilio," akasema. "Huku hata kibogoyo tunampokea."

Wakacheka wote wawili. Eliona alipoondoka, Baba hakugusa chakula chake.

Mama mkwe akamshauri arudi kwa Khalid. Baba akauliza atamwambia nini kijana wa umri wa mwanawe. Wiki nzima akakaa hivyo. Asubuhi moja ninamnyonyesha mwanangu Lucky barazani, nikamwona amesimama mpakani mwa shamba, kwenye mimea ya isale aliyopanda babake. Alikata jani moja refu, akalipiga fundo, akaja kunikabidhi. Praygod alikuwa mlimani akiongoza watalii, kwa hiyo mjumbe nikawa mimi.

Kwetu jani la isale lenye fundo ndilo linaloomba msamaha. Aliyekosa hulipeleka au humtuma mtu, na aliyeletewa hawezi kukataa, kosa liwe kubwa namna gani. Lakini hayo ni ya Wachagga. Daktari Khalid ni mtu wa mjini, na nilisikia ukoo wake umetoka Tanga. Nilitaka kumwambia Baba kwamba kule litaonekana jani tu. Lakini nililifunga kwenye kanga, nikamweka mtoto mgongoni, tukashuka, yeye akinifuata kwa nyuma kama hatujuani.

Baba alibaki kwenye benchi la nje. Mimi niliingia. Nikaliweka jani mezani karibu na glovu. Daktari aligusa lile fundo, akauliza limetoka kwa nani. Nikamwonyesha dirishani. Baba alikuwa anatazama barabarani, kofia mapajani.

"Shule ya msingi nilisoma huko juu kwenu," daktari akasema. "Tuliambiwa hili halikataliwi."

"Halikataliwi," nikajibu.

Akalichukua, akatoka mwenyewe mpaka kwenye benchi, akamwamkia Baba shikamoo.

"Mzee, isale nimelipokea. Sasa na wewe usinikatalie langu. Nikishapasua, wiki sita tarumbeta isiguse mdomo. Ukisukuma pumzi, mshono utaachia, na jino tutalipoteza."

Baba akahesabu kwa vidole. Pasaka ilikuwa ndani ya hizo wiki sita. Tangu utoto hajakosa alfajiri ya Pasaka, wapigaji wanaposhuka kijijini wakiamsha nyumba moja baada ya nyingine. Alilitazama lile jani mkononi mwa daktari.

"Nimekubali," akasema.

Siku ya upasuaji waliniruhusu kukaa mlangoni. Daktari alieleza kwamba uchafu umejificha kwenye ncha ya mzizi, ndani ya mfupa, kwa hiyo ataufuata kwa juu. Alimchoma ganzi, akaifungua fizi, akakata ile ncha, akakwangua palipooza, akaziba mzizi, akashona. Mimi nilitazama mkono wa Baba. Vidole vitatu vya kulia vilikuwa vinabonyeza mkono wa kiti, kimoja kimoja, vikirudia. Navijua. Alikuwa anapiga wimbo.

Alivimba mpaka jicho likawa dogo. Mama mkwe akawa anampa mtori wa ndizi uliopoa, na ndiye aliyeifungia tarumbeta sandukuni bila kuombwa.

Alfajiri ya Pasaka tuliwasikia wapigaji wakija. Sauti ya kwanza, ambayo ni ya Baba, alipewa msichana, akafika kwenye noti za juu akakwaruza. Baba alikuwa getini amevaa sare, akaufunika mdomo kwa kiganja. Nilidhani anaumwa, kumbe alikuwa anaizuia midomo isipige. Kikundi kikapita, Eliona nyuma kabisa na ngoma yake. Akasimama. Hakutania safari hii. Alimpa Baba kirungu kimoja, yeye akabaki na kimoja, wakashuka hivyo mpaka kanisani, wazee wawili ngoma moja, na hawakupatana mapigo hata kidogo.

Wiki ya saba daktari alipiga picha, akasema mfupa umeanza kujaa, ajaribu polepole. Baba alikwenda migombani. Nilikuwa naanika nepi. Kwanza ulitoka upepo, nikasita na nepi mkononi. Halafu ikaja sauti moja, nyembamba, ikatulia.

Akajitokeza kwenye majani, akabonyeza fizi kwa kidole, akakitazama juani, akanionyesha.

"Kikavu," akasema, akarudi migombani kuanza wimbo upya.