Somo la Maji Tuliloimbishwa

Nakumbuka asubuhi tuliyomzika Ndahani, mdogo wangu. Tumbo lilimwendesha mpaka midomo ikakauka kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa. Mama hakulia. Aliniuliza tu, "Si mlisema mnayo dawa yake?"

Mwanangu uliyekaa nami hapa kaburini pake, ngoja nirudi nyuma. Ulikuwa wakati wa Mdachi. Akida Makame alitutoa machungani kwa nguvu akatupeleka shule ya karibu na boma. Mwalimu Sefu, mtu wa pwani, akatufundisha somo la maji: "Maji machafu yana wadudu, moto huwaua." Tuliliimba kutwa. Ukiruka neno, kiboko. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, Ndahani akauliza, "Mwalimu, hao wadudu mbona hatuwaoni?" Akachapwa. "Wewe Mgogo, umeletwa kuuliza au kuimba somo?" Bwana wa boma alipokuja, tukaimba kwa sauti moja, akapiga makofi. Hakuna aliyeinjika chungu cha maji motoni.

Kiangazi kikaja. Visima tulivyochimba kwenye mchanga wa mto vikakauka, likabaki dimbwi la ng'ombe. Bibi akatukataza kuyanywa maji yake. Tukamcheka: "Tunayo dawa ya shule, Bibi!" Kwetu mganga wa mvua hunenea maji, nayo humtii. Basi nasi tukalizunguka buyu la maji ya dimbwi, tukaliimbia somo lote bila kuruka neno. Ndahani akanywa wa kwanza, kwa majivuno. Nami nikanywa. Mimi nilipona.

Baba alikwenda shuleni. "Mwalimu, uliwaonyesha huo moto?"

Sefu akacheka. "Mzee wangu, kwani Ugogoni hakuna moto? Mimi nilisomesha. Wanao walilijua somo kuliko wote."

Walilijua! Baba aliponifundisha kumtambua ng'ombe mgonjwa hakuniimbisha. Aliuweka mkono wangu sikioni mwa ndama mwenye homa, kisha mwa mzima, akaniuliza, "Yupi?" Nikikosea, alitafuta njia nyingine.

Mwanangu utakayefundisha, fanya hivyo. Mtoto aguse, aulize, atende mbele yako. Asipofahamu, ichunguze njia yako kabla hujashika fimbo. Mungu akupe wanafunzi wabishi, na moyo wa kuwavumilia.

Lakini Sefu na Makame wangali hai, wanaamkiwa shikamoo njiani. Nawaita kwa majina yao. Waje hapa kaburini, wanijibu: mtoto aliyeshika kila neno walilompa, alikufa kwa kosa la nani?