Sahani ya Zafarani

Duni alilelewa Mbweni na masista wa misheni, na walilomtia kichwani halikumtoka tena: chombo kichafu hakilazwi. Alipopata kazi ya Serikali, kuuguza wanawake hospitalini mjini, aliingia na msalaba wake shingoni na maradhi yake hayo ya usafi.

Mwenziwe wa zamu alikuwa Bi Kazija wa Kikwajuni, mtu mzima asiyekosa sala. Akisali, Duni huangalia wagonjwa. Jumapili, Bi Kazija humwangalilia yeye.

"Nenda kwa padri wako," humwambia, "ila usiniletee uzungu humu."

Siku moja akaletwa Mwanakheir wa Tumbatu, homa inamchoma kama tanuri. Dawa hataki, maji hataki, midomo ishapasuka.

"Nangoja kombe langu," basi, hana jengine.

Mumewe, Simai, akalifuata kisiwani kwao. Akarudi na sahani nyeupe, mwalimu kaiandika aya ya Kurani kwa zafarani. Ioshwe, maji yake anywe mgonjwa. Akamkuta mkewe kasinzia, akaiweka dirishani, akatoka kutafuta marashi ya waridi ya kutia kwenye maji hayo.

Duni akapita. Akaona sahani ina manjano. Akaichukua, akaiosha, ikang'aa.

Bi Kazija alipotoka kusali, macho yakamtoka. "Duni! Sahani hii umeifanya nini?"

"Nimeiosha, Bi Kazija. Ilikuwa na mchuzi."

"Mchuzi! Kombe lile, mwanangu!"

Makombe Duni alikuwa akiyasikia tu, hajapata kuliona hata moja. Tumbatu si pua na mdomo. Mpaka Simai aende tena arudi, mgonjwa atakuwa keshakufa kwa kiu, na aliyemuua ni yeye.

"Maji umeyamwaga?"

"Bado. Yamo besenini. Maji ya kuchemsha."

"Sabuni?"

"Sijatia. Rangi ilitoka yenyewe, nikashangaa."

Bi Kazija akacheka hata akashika mlango. "Kwani si ndivyo linavyooshwa, mjinga wee? Lakini mwenyewe lazima ajue mkono ulioliosha. Simnyweshi mtu kwa siri."

Wakaenda kitandani kwa Mwanakheir, keshaamka. Duni akasema mwenyewe alivyoliosha. Mwanakheir akautazama msalaba, akautazama weee.

Kisha akauliza, "Ulipokuwa ukiosha, ulikuwa ukisema nini?"

"Nlikuwa nnamwomba Mungu upate kunywa maji."

"Na mie ndilo nnalomwomba. Lete."

Simai akaingia na marashi yake, yakatiwa matone, Mwanakheir akanywa hata tone la mwisho. Akaegemea ukuta, akavuta pumzi.

"Bi Duni, niongeze. Haya ya mtungini tu."

Duni akaenda mbio, machozi yanamtoka huku anacheka. Na dawa ya daktari ikanywewa jioni ile ile, bila ya ubishi.

Alifanya kazi pale mpaka nywele zikaota mvi. Sahani chafu hakuacha kuziosha. Lakini yenye manjano kwanza huinyanyua juu, akakiuliza chumba kizima: "Jamani, hii mchuzi au dawa?"