Adapta, Baba Mkwe na Jina la Persis

Ukifika Nyamira mjini ukamuulizia Persis, utaulizwa ni Persis yupi, wa kanzu za kwaya au wa gari lisilo na sauti. Ni huyo huyo mmoja. Mchana hushona kanzu za kwaya katika chumba kilicho nyuma ya duka la mbolea, na jioni hupanda gari dogo jeupe la umeme, la Kijapani, lililokwishazeeka, akarudi nyumbani kupitia mashamba ya majani chai bila kuamsha hata kuku. Mumewe, Haron, ambaye ni fundi wa mitambo Naivasha na huja nyumbani mwisho wa mwezi, alilinunua kwa mtu wa Nairobi aliyekuwa amelichoka. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Walisema Haron amemnunulia mkewe simu yenye magurudumu.

Waache wacheke. Persis alilipenda gari lake. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya chai na mlima wa pili hauonekani, aliliachia literemke polepole akawa hasikii chochote ila kokoto chini ya matairi. Ilikuwa kama ndoto imekataa kuisha ijapokuwa mwenyewe ameshaamka na kunawa uso. Saa nyingine alifika kazini akashangaa kuwa amefika.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomkaa rohoni, na lilikuwa pale pale nyumbani.

Kwa Wagusii, mkaza mwana na baba mkwe hawazoeani. Kati yao kuna heshima iitwayo ensoni: hawapeani mikono, hawakai kiti kimoja, wala mzee hamwiti mke wa mwanawe kwa jina lake. Kwa kawaida jambo hili la jina halimsumbui mtu, kwa sababu mtoto huzaliwa, na mama akaitwa kwa jina la mtoto, maisha yakaendelea. Persis hakuwa amejaliwa mtoto. Basi baba mkwe wake, Mzee Omwenga, mtu mwema asiye na kinyongo hata na fuko anayemlia viazi, hakuwa na jina la kumwita. Alimwita omoriakari, yaani bibi-harusi. Mvi zilikuwa zimeanza kumchungulia Persis kwenye paji la uso, naye bado ni bibi-harusi!

Na hata hilo hakuambiwa yeye. "Mwambie omoriakari mvua inakuja, aanue nguo," mzee angemwambia mkewe, Mama Kwamboka, huku Persis amesimama pale pale na beseni mkononi. Mama Kwamboka angegeuka na kuyarudia maneno yote. Persis angejibu, na jibu lingerudi kwa njia hiyo hiyo. Alikuwa amezoea, lakini mazoea hayaondoi maumivu. Alitamani siku moja tu alisikie jina lake kinywani mwa mzee huyo, ajue kwamba yuko katika nyumba ile kama watu wengine walivyo.

Halafu zikaja habari za Nyanchoka, dada mkubwa wa mzee, anayeishi Kisumu kwa mwanawe Angwenyi. Nyanchoka alikuwa anasahau. Hakuwa mgonjwa wa kulazwa, ila watu walikuwa wanamtoka akilini mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama wageni wanaoaga. Juzi alikuwa amemsahau mjukuu anayelala naye chumba kimoja. Angwenyi alipiga simu akasema bila kuzunguka: kama mjomba anataka kutambuliwa, asikawie.

Mzee hakula chakula cha jioni. Matatu asingeweza kuipanda, kwa maana harufu ya petroli humgeuza tumbo, na safari ya mwisho aliteremshwa Chabera akiwa hoi, akarudishwa nyumbani kwa pikipiki. Gari pekee ambalo tumbo lake lilikubaliana nalo lilikuwa la omoriakari, ambalo halinuki chochote. Lakini gari hilo lilikuwa mzee mwenzake. Betri yake ilikuwa imechoka, na chaji ya usiku kucha kutoka soketi ya jikoni haikuweza kulifikisha Kisumu.

Kwenye njia ya Sondu, iendayo Kisumu, kulikuwa na kituo cha mafuta kilichowekewa chaja ya kasi. Tatizo lilikuwa kwamba chaja ile ilitengenezwa kwa magari ya siku hizi. Tundu la gari la Persis lilikuwa la mtindo wa zamani wa Kijapani, na kichwa cha waya wa chaja kisingeingia humo hata ukikisukuma kwa goti. Kilichotakiwa ni adapta. Haron aliiagiza mtandaoni, na Persis akaenda kuichukua Kisii mjini kwenye ofisi ya vifurushi. Lilikuwa sanduku jeusi lenye uzito wa jogoo aliyeshiba, upande mmoja mdomo wa zamani, upande wa pili mdomo wa kisasa, na ndani yake betri ndogo inayotaka kuchajiwa kwa waya wa simu kabla sanduku lenyewe halijakubali kufanya kazi. Persis aliichaji, akaifunga kwa kitambaa cha kanzu, akaiweka kwenye gari. Kama ingefanya kazi au la, hakuna aliyejua.

Jumapili asubuhi mipango ilikuwa kwamba Mama Kwamboka aende nao, ayabebe maneno yao kama kawaida. Alipoitwa gari likiwa tayari, alisimama mlangoni akasema ng'ombe amekataa kula.

"Siwezi kumwacha," alisema akiangalia pembeni. "Nendeni tu."

Persis alimtazama ng'ombe. Ng'ombe alikuwa anatafuna kwa bidii. Lakini mkaza mwana hambishii mama mkwe wake, kwa hiyo alipanda, mzee akakaa kiti cha nyuma kabisa upande wa dirisha, kofia magotini, na gari likaondoka bila sauti.

Ukungu ulikuwa mzito asubuhi ile. Migomba ilijitokeza pembeni ya barabara, ikasimama kidogo, ikapotea. Akina mama waliokuwa wakienda sokoni hawakulisikia gari, wakageuka lilipokwisha kuwapita. Ndani walikuwa wawili tu, bila mtu wa katikati. Walipokaribia Chabera mzee alikohoa.

"Gari," alisema, "wewe huwezi kufunga hicho kidirisha? Upepo unaniingia sikioni."

Persis alibaki na usukani mkononi na kicheko kooni. Kisha akafunga dirisha.

"Gari linasema samahani, Tata," alijibu akitazama mbele, kwa neno la Kigusii la kumwita baba. "Halikujua."

"Liambie... ah. Gari, si neno."

Wakaendelea hivyo. Mzee aliliuliza gari kama limepata chai asubuhi, gari likajibu kwamba lilipata ila haikutosha. Aliliuliza kama linamjua Nyanchoka. Gari halikumjua. Mlima uliteremka, chai ikaisha, mahindi yakaanza, joto la nyanda za chini likapanda taratibu kupitia sakafu, na Persis akajikuta anatamani barabara isifike popote.

Ilifika kituoni. Mhudumu alikuwa amezingirwa na pikipiki za kujaza petroli, akapunga mkono kuelekea kwenye chaja na kusema, "Hiyo mashine mimi siielewi, mathe. Jaribu tu." Persis akajaribu. Alifungua tundu lililo puani mwa gari, akachomeka adapta, akachomeka waya kwenye adapta, akabonyeza kitufe cha adapta. Taa ikawa ya kijani. Alipogeukia mashine kubonyeza kitufe cha kuanza, taa ikawa nyekundu.

Alirudia mara kadhaa kabla hajaona kosa. Tundu la gari lilikuwa limelegea kwa uzee, na sanduku lile pamoja na waya mnene vilining'inia kwa uzito wao na kuvuta. Alipoviinua kwa mikono yote miwili, taa ya kijani ilitulia. Lakini akiwa ameinua, mkono wake haukufika kwenye mashine. Akijinyoosha kuifikia, vilishuka. Alijaribu kuweka jiwe chini, likawa fupi. Akafunga kwa kitambaa cha kanzu, kikateleza.

Akabaki ameinama pale puani mwa gari, jasho likimtiririka, na chaji iliyobaki isingewafikisha Kisumu wala kuwarudisha nyumbani. Kumwomba mzee? Mkaza mwana kumtuma baba mkwe wake kazi! Hapo ndipo machozi yalipomlenga. Aliogopa kwamba Nyanchoka atamsahau ndugu yake leo, saa hii, kwa sababu ya mwanamke asiye na jina na gari lake la bei rahisi.

"Gari," alisema, "laiti ungekuwa na mkono hata mmoja."

Mlango wa nyuma ulifunguka. Mzee Omwenga alishuka polepole, akaweka kofia juu ya boneti, akaja akasimama karibu naye kuliko alivyowahi kusimama tangu siku ya harusi. Akatia mikono yake chini ya sanduku. Vidole vyake vikavu vya mchuma chai vikawa juu ya vidole vya Persis, na hakuna aliyeviondoa kwa haraka.

"Gari," alisema kwa sauti ya chini, "nimeshika. Bonyeza."

Persis akachomoa mikono yake, akakimbilia mashine, akabonyeza. Kitu kilinguruma ndani, namba zikaanza kupanda kwenye kioo.

Alirudi ashike yeye. Mzee akakataa kwa kichwa. Basi wakashika wote, bega kwa bega, na jua likawawakia, pikipiki zikaja na kuondoka, na chaji ikapanda pole pole. Mzee alianza kuliambia gari habari za Nyanchoka: alivyombeba mgongoni kwenda mtoni, alivyomfundisha kuwinga ndege kwenye shamba la wimbi, alivyolia siku alipoolewa mbali. Katikati ya maneno alisahau kuliambia gari. Akawa anasema "unaona" na "hebu fikiria wewe," akimtazama Persis, macho yamelowa. Persis hakuthubutu kupumua kwa nguvu, asije akamzindua.

Kisumu walifika mchana. Nyanchoka alikuwa ameketi kibarazani kwa Angwenyi, mdogo kuliko kiti chake. Alimtazama mzee kwa muda mrefu, na Persis akahisi moyo unampasuka kwa ajili ya mzee.

"Omwenga," alisema hatimaye. "Mbona umezeeka hivyo?"

Mzee akacheka na kulia pamoja. Akakaa chini miguuni pake kama mtoto. Chai ikaletwa, Persis akaimimina, na Nyanchoka akamnyooshea kidole.

"Na huyu ni nani?"

Mzee aliangalia dari. "Ni omoriakari wa Haron."

Nyanchoka akaitikia kwa kichwa, akanywa. Wakaongea habari za mto na ndege. Baada ya muda uso wa bibi ukafifia kidogo, ukarudi, akamwona Persis tena kwa mara ya kwanza.

"Omwenga, na huyu ni nani?"

Mzee akashusha macho kutoka darini. "Ni... ni wa nyumbani kwangu. Ndiye aliyenileta."

"Vizuri," alisema Nyanchoka. Akaomba sukari. Akasifu sukari. Akasahau.

"Na huyu mwanamke mzuri ni nani?"

Mzee Omwenga alimtazama mkaza mwana wake usoni, bila mtu katikati, bila gari.

"Anaitwa Persis," alisema. "Ni Persis wetu."

Persis aliinua birika. Alimwongezea shangazi chai taratibu, akakaa karibu naye kabisa, akauangalia uso ule mzee uliokuwa unatabasamu, akaomba kimoyomoyo bibi asahau tena, aulize tena.